Masanduku ya masasi ya zamani Maniema: yalikotoka, na namna ya kuyatunza yasioze

Kama, Maniema – Sanduku la masasi likimaliza kazi ya vita halitupwi. Katika nyumba nyingi za mashariki ya Kongo linageuka kiti cha mgeni, kasha la vyombo vya fundi wa baiskeli, au pahali pa kufungia kadi za uchaguzi, hati za shamba na makaratasi ya ubatizo. La chuma linapendwa kuliko la mbao, kwa sababu panya hawezi kulitoboa na mvua haiingii. La mbao linapasuliwa, mbao zake zinakuwa mlango wa kibanda cha kuku au kuni za siku mbili. Mengine yanauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na safari yake inaishia huko.

Ni watu wachache wanaoliangalia sanduku hilo kama kitu cha historia. Sababu inaeleweka. Liliingia vijijini pamoja na vita, na aliyekimbia porini na watoto hana hamu ya kuliweka sebuleni kama picha ya harusi. Lakini Maniema ni jimbo ambalo makaratasi mengi ya historia yake yako mbali, mengine Kinshasa, mengine Ubelgiji. Sanduku la masasi ni moja ya makaratasi machache yaliyobaki hapa hapa. Limeandikwa ubavuni: aina ya risasi, idadi yake, uzito, namba ya kiwanda, mara nyingi na mwaka. Likipakwa rangi mpya au likiliwa na kutu, maandishi hayo yanakwenda, na hakuna nakala.

Kabla ya sanduku kulikuwa na kipipa. Miaka ya 1860 na 1870, misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar, ikipita Tabora na Ujiji, ilifika mto Lualaba ikiwa na vitambaa, shanga, magobori na baruti. Baruti ilisafiri ndani ya vipipa vidogo vya mbao vilivyobanwa kwa pete. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Nyangwe na Kasongo, ambazo leo ziko ndani ya jimbo la Maniema, zilikuwa vituo vikubwa vya biashara hiyo. Nguvu za Hamed bin Muhammed, yule aitwaye Tippu Tip, hazikutokana na wingi wa watu peke yake. Alikuwa na baruti kavu mahali ambapo wengine hawakuwa nayo. David Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wenye bunduki waliwafyatulia wanawake waliokuja sokoni. Yeye mwenyewe aliandika kwamba waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Ndiyo kazi ambayo baruti ya vipipa hivyo ilikuja kufanya, na ni vizuri kuisema mapema kabla ya kuanza kusifu ufundi wa seremala.

Swali la wapi silaha ziwekwe, na nani ashike ufunguo, nalo ni la zamani. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake waliweka masharti juu ya silaha: kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa na masasi yake zisiingizwe ovyo, na silaha zitakazoingia ziwekwe katika ghala linalosimamiwa na serikali. Magobori na baruti ya kawaida ndiyo yaliyoachiwa mlango kidogo. Kwa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II mpango huo ulikuwa na faida ya pili ambayo haikutangazwa sana: bunduki nzuri zilibaki mikononi mwa askari wake wa Force Publique.

Miaka miwili baadaye vita vilianza. Askari wa Francis Dhanis, wengi wao Wakongo na watu wa Gongo Lutete, walipigana na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, na wenzake. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Aliyebaki kuwa mgumu alikuwa Rumaliza. Januari 1894 kombora moja liliangukia ghala lake la baruti. Ghala likalipuka, moto ukala ngome, na watu wengi waliokuwa ndani wakafa. Siku chache baadaye ngome zilizobaki zilisalimu amri. Katika vitabu vingi vya historia tukio hilo linapewa mstari mmoja. Kwa mtu anayetaka kuelewa masanduku, mstari huo una uzito kuliko kurasa za majina ya maofisa. Aliyeshindwa kuihifadhi baruti yake alishindwa vita.

Bunduki ya Force Publique wakati huo ilikuwa Albini, ya kupiga risasi moja na kujaza tena, yenye baruti nyeusi. Baruti nyeusi ikipata unyevu haina kazi, na Maniema ni nchi ya msitu ambamo nguo zilizoanikwa asubuhi zinaweza kulala bado mbichi. Mafundi wa Ulaya walijua shida hiyo, wakatengeneza sanduku lenye kuta mbili kwa ajili ya nchi za joto. Nje ni mbao. Ndani ni kasha jembamba la bati au zinki, ambalo mfuniko wake ulifungwa kwa lehemu pande zote, hewa isipite. Misumari na visikurubu vingi vilikuwa vya shaba, kwa kuwa shaba haishiki kutu ya chuma wala haitoi cheche. Vishikio mara nyingi vilikuwa vya kamba, si vya chuma. Sanduku zima lilipimwa ili likijaa mtu mmoja, au wawili, waweze kulibeba.

Kipimo hicho, cha mtu mmoja au wawili, ndicho kilichobadilisha maisha ya wakaaji wa Maniema, na kinastahili nafasi kubwa hapa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, serikali ya Ubelgiji ilitaka kupeleka askari na silaha hadi ziwa Tanganyika, kupigana na Wajerumani waliokuwa ng'ambo. Angalia ramani uone njia yenyewe. Shehena ilishuka kwenye meli Matadi, ikapanda treni hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Hapo ikaingia mashua za mvuke hadi Stanleyville, Kisangani ya leo. Kutoka Stanleyville treni tena, hadi Ponthierville, ambayo sasa inaitwa Ubundu. Ponthierville mpaka Kindu, mashua. Kindu mpaka Kongolo, treni, kwa reli iliyofunguliwa mwishoni mwa 1910. Kongolo mpaka Kabalo, mashua. Kabalo mpaka ziwani, pale Kalemie, treni, kwa reli iliyofika mwaka 1915. Ni vipande saba. Kila kipande kilipoisha, sanduku lilishushwa kwa mikono na kupandishwa kwa mikono. Mwaka 1916 hata ndege nne za kutua majini zilifikishwa ziwani kutoka Ulaya zikiwa zimefungwa ndani ya masanduku, na mwaka huo huo zikatupa mabomu Kigoma.

Kindu basi haikuwa kituo kidogo cha njiani. Ilikuwa kiungo: mto unapoishia, reli inapoanzia. Mtu aliyesimama gatini Kindu mwaka 1915 aliona kwa macho yake masanduku yaliyotengenezwa Ulaya yakipita kwenda kupigana kwenye nchi ambayo leo ni Rwanda, Burundi na Tanzania.

Na pale ambapo hapakuwa na reli wala mashua, palikuwa na shingo ya mtu. Majeshi ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Ushindi huo una sanamu na majina ya barabara. Waliobeba hawana. Kwa vita vyote vile, wapagazi walioandikishwa na Wabelgiji walizidi laki mbili, wengi wao kutoka wilaya za mashariki ya Kongo, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Mzigo ulikuwa wa kilo 25 hadi 30. Maelfu walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu, njaa na baridi ya milima ambayo mtu wa msituni hakuizoea. Askari alipewa namba, bunduki na mshahara. Mpagazi, mara nyingi, hata jina lake halikuandikwa vizuri. Namba iliyoandikwa kwa uangalifu ilikuwa ile ya sanduku alilolibeba.

Ndiyo sababu sanduku la wakati ule, likipatikana, halifai kuitwa kumbukumbu ya jeshi tu. Pale kwenye ubao wa juu ulipochakaa, kwenye kamba ya kishikio iliyosuguliwa mpaka ikawa laini, kuna alama ya mtu ambaye hakuna daftari lililomtaja. Mtu anayelipiga msasa ili ling'ae anamfuta mara ya pili.

Baada ya hapo masanduku hayakukoma, ila tutapita haraka. Tarehe 11 Novemba 1961 Waitaliano 13 waliokuwa wakifanya kazi na Umoja wa Mataifa waliuawa Kindu. Walikuwa wameleta vyakula na vifaa vya wanajeshi wa Malaya kwa ndege mbili, na askari wa pale waliwadhania kuwa ni adui. Julai 1964 waasi wa Simba walishika Kindu, wakiamini kwamba dawa yao itageuza masasi kuwa maji. Tarehe 5 Novemba mwaka huo jeshi la serikali na mamluki wakauchukua tena mji. Februari 1997 AFDL iliingia, Oktoba 1998 ikawa zamu ya RCD, na miaka iliyofuata wakaaji wanaikumbuka wenyewe bila kusomewa.

Kila wimbi liliacha masanduku yake, na yanatofautiana. Ya aina ya Urusi na China kwa kawaida ni ya mbao, yamepakwa rangi ya kijani, na ndani yana makopo mawili makubwa ya bati yaliyozibwa kabisa, yanayofunguliwa kwa kisu maalumu kama kopo la samaki. Sanduku moja la masasi ya Kalashnikov hubeba zaidi ya risasi 1,000. Ya mtindo wa Marekani, ambayo nchi nyingi ziliyaiga, ni ya chuma, yana mfuniko wa bawaba, kikamatio cha kubana, na ukanda wa mpira chini ya mfuniko unaozuia maji. Hilo la pili ndilo ambalo mafundi na wachimbaji wanaligombania.

Maandishi ya masanduku haya mapya nayo si mapambo. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha mashariki ya Kongo Julai 2003, na mwaka uliofuata ukaunda kundi la wataalamu wa kufuatilia silaha zinakotoka. Moja ya kazi za wataalamu hao ni kusoma namba za makundi ya uzalishaji zilizopigwa kwenye masanduku na kwenye vitako vya risasi, kisha kuuliza kiwanda kilimuuzia nani. Mtu aliyepaka sanduku lake rangi ya buluu kwa ajili ya Krismasi huenda amefuta ushahidi wa nani aliwapa silaha watu waliochoma kijiji chake.

Sasa namna ya kutunza. Hapa Kama na kote katika teritware ya Pangi, hakuna haja ya kuanzia kwa Wazungu. Warega walikuwa na utaratibu wao wa kuhifadhi vitu vyenye maana, ndani ya Bwami. Vinyago na sanamu ndogo za pembe za ndovu viliwekwa katika vikapu na mifuko, kila kikapu kilikuwa na mlinzi wake anayejulikana, na vitu vilitolewa kwa wakati wake, vikapakwa mafuta ya mbarika na kusuguliwa kwa mkono. Serikali ya kikoloni ilipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vingi viliishia katika makumbusho na nyumba za wanunuzi Ulaya na Marekani. Lakini kanuni zenyewe zilikuwa sahihi: kitu kiwe na mlinzi, kiwe na pahali pake, kitolewe na kuangaliwa mara kwa mara. Makumbusho makubwa hayajazishinda. Uchunguzi uliofanywa na ICCROM na UNESCO mwaka 2011 ulionyesha kwamba asilimia 60 hivi ya vitu vilivyomo katika maghala ya makumbusho duniani viko hatarini, na sababu nyingi ni za kawaida: msongamano, daftari lisilojazwa, ghala lisilo na mwenyewe.

Mafuta ya mbarika ni ya pembe, lakini. Kwa sanduku la masasi mafuta ya kula hayafai, na hili linakosewa sana. Mawese yanaoza, yananuka na kuita sisimizi. Mafuta machafu ya injini yanaingia katika mbao, yanazigeuza nyeusi, na maandishi hayaonekani tena milele. Rangi mpya ni mbaya zaidi. Msasa usiguse kabisa.

Kazi ya kwanza ni kuangalia, na tochi moja inatosha. Usiku, mulika sanduku kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya ubao badala ya kulipiga usoni. Herufi zilizofifia mchana zitaonekana, kwa sababu hata rangi iliyokwisha inaacha kovu ndogo kwenye mbao. Piga picha pande zote sita, na ndani pia. Kisha ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Maji hapana, sabuni hapana.

Adui mkubwa wa mbao ni ardhi. Sanduku lililolala chini kwenye sakafu ya udongo linakunywa unyevu kutoka chini usiku kucha, na mchwa wanapanda bila kuonekana. Liinuliwe juu ya matofali au mbao mbili, liwe mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja, ili hewa izunguke na ili njia za udongo za mchwa zionekane zinapoanza kujengwa. Likiwa juu ya meza au rafu, kila mguu uwekwe ndani ya kopo lenye mafuta machafu kidogo. Huko ndiko mafuta hayo yanafaa. Ukiona unga mwembamba chini ya ubao, kuna wadudu ndani wanaotoboa. Pahali pasipo na friji kubwa, njia moja inayotumika ni kulifunga sanduku tupu katika plastiki nyeusi na kuliweka juani siku ya joto kali, saa kadhaa, na kurudia siku zinazofuata. Joto linawaua. Ila kama rangi inabanduka, njia hiyo isitumike, na plastiki iondolewe jua likipungua, la sivyo jasho linalobaki ndani litaleta ukungu.

Wengine wanaliweka juu ya uchaga wa jikoni, pahali pa mahindi ya mbegu. Kwa kuzuia wadudu ni akili nzuri, moshi hawaupendi. Kwa maandishi ni hasara; baada ya mwaka mmoja masizi yamefunika kila kitu.

Chuma kina hesabu yake. Ukungu na kutu vinapata nguvu unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hivi, na katika msitu wa Maniema usiku mwingi unapita hapo. Huwezi kuubadilisha msitu, lakini unaweza kuchagua chumba: kile kisichovuja, kisichokuwa na ukuta unaogusana na jiko wala bafu, na chenye dirisha linalofunguliwa saa sita mchana na kufungwa kabla ya jioni. Kutu inayobanduka iondolewe kwa brashi ya nyuzi ngumu za mmea, si waya. Kisha nta ya nyuki kidogo sana, ipakwe kwa kitambaa na kusuguliwa mpaka isinate kidoleni. Mikono iwe imefunikwa kwa kitambaa, maana chumvi ya jasho inaacha alama za vidole ambazo kutu itazifuata.

Ukanda wa mpira chini ya mfuniko unawadanganya wengi. Wanalibana sanduku tupu kwa nguvu na kuliacha miaka mitano wakidhani wamelilinda. Mpira unashikana na chuma, unabonyea, na siku ya kulifungua unakatika. Vilevile sanduku lililofungwa asubuhi ya ukungu limefungia ukungu ndani. Lifungwe mchana wa kiangazi, bila kubanwa sana, na kila miezi mitatu lifunguliwe. Anayeweka hati ndani yake aziweke katika bahasha ya karatasi, si plastiki, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vifuko hivyo hunyonya unyevu, na vikishiba vinaweza kukaushwa karibu na moto wa polepole na kutumika tena. Makala yaliyokaushwa na kufungwa katika kitambaa yanasaidia pia, lakini kidogo.

Kuna jambo la afya ambalo halisemwi vya kutosha. Rangi za zamani za jeshi zinaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Na jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilitia masanduku yake ya mbao dawa iitwayo pentaklorofenoli ili yasioze. Ni sumu kwa watu pia. Kwa hiyo sanduku la masasi lisiwe la unga wa muhogo, wala la chumvi, wala la maji ya kunywa. Mbao zake zisipikiwe. Moshi wake unawaingia mapafuni mama aliyeinama jikoni na mtoto aliye mgongoni mwake.

Yote yaliyosemwa juu ni ya sanduku tupu. Sanduku lenye kitu ndani si la mkusanyaji, hata kama ni la 1916. Joto na unyevu vinaharibu baruti ya kisasa pole pole na kuifanya isiaminike, na maghala ya majeshi yenyewe, yenye walinzi na ufunguo, yamelipuka: Mbagala jijini Dar es Salaam tarehe 29 Aprili 2009, Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, Mpila huko Brazzaville tarehe 4 Machi 2012 ambako walikufa zaidi ya watu 200, na Mbuji-Mayi Januari 2014, radi ilipopiga ghala. Sanduku lililozibwa bado, au zito kuliko linavyostahili, lisitikiswe, lisifunguliwe, lisipelekwe kwa fundi wa kulehemu. Liachwe pale pale, watoto waondolewe, alama iwekwe njiani, na habari ipelekwe kwa shefu wa kijiji na polisi, ambao watawafikia wataalamu wa mabomu kupitia kituo cha taifa cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM. Hata lile linaloonekana tupu liangaliwe kwa tochi pembeni na chini ya vibao vya ndani, kwani risasi moja iliyokwama inatosha kumpofusha mtoto.

Sheria nayo iko wazi kwa upande huo. Amri ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035, inasimamia silaha na risasi, na kukaa na risasi bila kibali ni kosa. Kwa upande wa pili kuna amri ya tarehe 15 Machi 1971, namba 71-016, inayolinda mali za utamaduni za nchi. Watu wanaijua ya kwanza kwa sababu inawatisha. Ya pili haijulikani, na ndiyo inayowakumbusha viongozi kwamba vitu vya zamani vilivyoko kijijini vina mwenyewe, yaani taifa zima, na kwamba mnunuzi anayepita na pikipiki hapaswi kuondoka navyo kwa franka elfu chache bila mtu kuuliza.

Makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 yako mbali sana na Pangi, na si kila sanduku linaweza kwenda huko, wala halistahili. Shule ya sekondari, parokia au ofisi ya sekta inaweza kukaa na matano au sita katika chumba kikavu. Kinachohitajika kuliko chumba ni daftari. Sanduku lisilo na maelezo ni mbao tu. Liandikwe lilipopatikana, ni nani aliyelitoa, liliingiaje katika familia yake, lilitumika kwa nini, na kama kuna babu au nyanya anayekumbuka nani alilibeba, jina hilo liandikwe kama anavyolitamka yeye, na kijiji cha mtu huyo. Wazee wanaokumbuka simulizi za baba zao waliopelekwa Tabora wamebaki wachache mno, kwa hiyo safu hiyo ya daftari ijazwe kwanza, kabla ya vipimo na picha.

Daftari la shule la kurasa 100 linatosha. Kila sanduku lipewe namba, na namba iandikwe kwa penseli chini ya kitako, au kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba kwenye kishikio, mbali na herufi za kiwanda.